"Jana Nilimwona Akitembea": Uhakiki wa Lugha ya Tuhuma dhidi ya Wapokeaji wa Msaada wa Ulemavu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki msamiati ambao jamii za Afrika Mashariki huutumia kumzungumzia mtu anayeshukiwa kujifanya mlemavu ili apate msaada wa umma. Mfano mkuu ni Rwanda, ambako jirani hushiriki kuamua nani anastahili, lakini mifano ya Tanzania, Kenya na Uingereza inatumika pale inapoangaza hoja. Makala yanadai kwamba mabadiliko ya istilahi kutoka "kilema" hadi "mtu mwenye ulemavu", ambayo sisi wanaisimu tumeyashangilia, yaliondoa tusi bila kuondoa tuhuma. Yaliugeuza ulemavu kuwa mali inayomilikiwa, na kila kinachomilikiwa kinaweza kudaiwa kionyeshwe, kipimwe na kuitwa bandia. Makala yanapendekeza msamiati mwingine kwa ajili ya fomu, miongozo na mikutano ya umma.

1.0 Utangulizi

Sentensi "Jana nilimwona akitembea" haina neno hata moja la matusi. Ina wakati uliopita, shahidi wa nafsi ya kwanza na kitendo kinachoonekana kwa macho. Hata hivyo, ikitamkwa mbele ya mkutano unaojadili nani aingizwe katika orodha ya msaada, hugeuka kuwa hukumu. Msemaji hahitaji kuongeza kwamba jirani yake ni mwongo. Wasikilizaji huongeza wenyewe.

Uhakiki huu unauliza ni nini kinachoiwezesha sentensi hiyo kufanya kazi hiyo. Jibu la haraka ni kwamba watu wana roho mbaya. Jibu hilo halitoshi. Wanaotuhumu mara nyingi ni maskini wenzake mtuhumiwa, na katika mpango wenye nafasi chache, jina moja likiingia jingine hubaki nje. Shuku yao ina hesabu ndani yake. Aidha, udanganyifu upo, na mshauri wa sera anayelinda fedha za umma anatimiza wajibu wake. Hoja yetu ni kwamba lugha tuliyo nayo huielekeza shuku hiyo mahali pasipostahili. Humwelemea mtu ambaye ulemavu wake hauonekani au haudumu siku zote, na humpita kando yule anayenufaika kwa kweli na wizi.

Suala hili lina uzito mpya kwa watafiti wa Kiswahili. Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kazi ya kuandaa matini za umma kwa lugha hii imekuwa sehemu ya wajibu wetu hapa Kigali. Neno tutakaloliweka leo katika fomu ndilo litakalotumika kesho kumpokea mtu au kumfukuza.

2.0 Swali la kazi na asili yake

Si sahihi kudhani kwamba tuhuma dhidi ya anayejifanya mlemavu imeletwa na programu za kisasa za ruzuku. Kiswahili cha siasa kiliitayarisha zamani. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila mtu ni mfanyakazi. Waliotolewa nje ya wajibu huo ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao serikali kwa wakati fulani imeshindwa kuwapa kazi. Orodha hiyo ilikusudiwa kuwa ya huruma, na kwa zama zake ilikuwa ya maendeleo. Lakini tuitazame kama wahakiki. Utoto na uzee hujulikana kwa umri. Ukosefu wa kazi ni jambo la serikali yenyewe. Ni kilema peke yake ambaye msamaha wake unategemea mtu mwingine kuutazama mwili wake na kuamua. Anayesamehewa kazi kwa haki na anayeishi kwa jasho la wenzake, yaani mnyonyaji, walisimama pande mbili za mpaka mmoja, na mlinzi wa mpaka huo alikuwa jicho.

Msingi wa kimila ulikuwapo pia. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu Nyerere aliitumia katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, inaheshimu ukarimu na papo hapo inauwekea mwisho. Nchini Rwanda msamiati wa kwigira, yaani kujitegemea, unabeba wazo hilohilo: msaada ni daraja la kuvuka, na anayebaki juu ya daraja huulizwa anangoja nini.

Mpango wa Dira ya 2020 Umurenge, maarufu kwa kifupi VUP, ulipoanzishwa mwaka 2008 ukianza na imirenge 30, mmoja katika kila wilaya, ulilirithi swali hili na kulifanya kuwa kanuni. Kaya maskini kabisa iliyo na mtu mzima mwenye nguvu ilielekezwa kwenye kazi za umma zenye ujira. Kaya maskini kabisa isiyo na mtu wa namna hiyo ilielekezwa kwenye msaada wa moja kwa moja, unaoitwa kwa Kinyarwanda inkunga y'ingoboka. Kiutawala mgawanyo huo unaeleweka. Kiisimu, umeweka uzito wote wa uamuzi juu ya kitenzi kimoja: kuweza. Je, anaweza kufanya kazi? Kitenzi hicho, kikiulizwa bila kielezi cha muda, hudai jibu la ndiyo au hapana.

3.0 Kutoka "kilema" hadi "mwenye ulemavu"

Katika mijadala ya istilahi za ulemavu, hoja inayorudiwa zaidi ni ile ya ngeli. Husemwa kwamba maneno kama kilema, kipofu, kiziwi na kiwete yanamweka mtu katika ngeli ya vitu. Kinyarwanda kina hoja sambamba: ikimuga limeachwa katika matumizi rasmi, na badala yake husemwa umuntu ufite ubumuga.

Hoja ya ngeli ina ukweli, lakini imetiwa chumvi. Kiongozi, kijana na kinyozi nao wana kiambishi hicho, na hakuna anayelalamika. Tena upatanisho wa sentensi huwa wa kiumbe hai: husemwa kipofu amefika, wala si kipofu kimefika. Tatizo la kilema na wenzake kwa maoni yetu liko kwingine. Ni majina ya hali kamili. Mtu ni kipofu au si kipofu, ni kiwete au si kiwete. Hayana nafasi ya "kidogo", "leo" wala "baadhi ya wiki". Anayeona kwa shida asubuhi na kushindwa kabisa jioni hana jina katika msamiati huo, na asiye na jina ni rahisi kuitwa mwongo.

Istilahi mpya, mtu mwenye ulemavu, ilikuja kurekebisha hayo. Ilimtanguliza mtu, na hilo ni jema lisilofaa kubezwa. Lakini tulipoipokea hatukukichunguza kiungo chake. Mzizi -enye ni wa umiliki: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye mali. Kinyarwanda kimefuata njia ileile kwa ufite, yaani aliye na kitu. Kwa hiyo ulemavu umetoka kuwa jina la mtu na kuwa kitu alicho nacho. Kitu kinachomilikiwa kina tabia zake katika lugha: huonyeshwa, huhesabiwa, huthaminiwa, hupotea, na hughushiwa. Ni vigumu kusema kilema bandia bila msikilizaji kusita kidogo. Kusema ulemavu bandia ni rahisi kama kusema noti bandia.

Sheria na kanuni zimeikamilisha picha hiyo. Januari 2007 Rwanda ilipitisha kwa siku moja sheria mbili, moja ya kuwalinda watu wenye ulemavu kwa jumla na nyingine ya kuwalinda wapiganaji wa zamani wenye ulemavu. Agizo la waziri la mwaka 2009 likaweka madaraja matano kwa asilimia. Asilimia ina faida zake: daktari hupata kipimo cha pamoja, na mhusika hupata cheti. Ila cheti kikishatoka, jamii hukisoma kama hati ya mali. Aliyeandikiwa asilimia kubwa anatarajiwa awe na asilimia hiyo kila anapoonekana, sokoni, kanisani, msikitini na barabarani. Akionekana akitembea, asilimia zake zinatiliwa shaka.

4.0 Mkutano kama mahakama ya macho

Rwanda ina utaratibu wa ushirikishwaji unaosifiwa kwa haki. Ubudehe, desturi ya kale ya kusaidiana iliyofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwawezesha wakazi wa umudugudu kuzipanga kaya zao wenyewe kwa hali ya maisha, na mwaka 2008 ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Madaraja ya mwanzo yalikuwa sita na yalikuwa na majina ya Kinyarwanda, la chini kabisa likiitwa umutindi nyakujya. Baadaye majina yaliachwa, yakaja makundi manne ya namba mwaka 2015, kisha yakapendekezwa ya herufi. Kuondoa majina kulipunguza aibu ya kuitwa hadharani kwa jina la ufukara.

Hata hivyo, jirani anajua nini? Anajua nani ana ng'ombe, nani amejenga, nani analala njaa. Kwa umaskini, macho ya kijiji ni shahidi mwema kuliko fomu ya afisa. Kwa ulemavu, macho hayo huona sehemu tu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke mwenye kifafa. Siku 27 za mwezi analima kama wenzake. Siku tatu huanguka, na baada ya kila anguko hukaa siku nzima hajielewi. Hakuna msimamizi wa kibarua anayemkubali, kwa kuwa haijulikani siku ya kuanguka. Tumchukue pia mtu mwenye ihungabana, neno la Kinyarwanda kwa kiwewe kinachovuruga nafsi, ambaye majuma ya kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, kila Aprili, humwangusha kitandani. Wote wawili, wakitazamwa siku yoyote ya kawaida, wanatembea. Anayesema "jana nilimwona akitembea" hasemi uongo. Kosa lake ni kuamini kwamba jana inatosha.

Kinyarwanda kina neno ejo ambalo humaanisha jana au kesho kutegemea muktadha. Kwa mtu ambaye hali yake hupanda na kushuka, utata huo ni maelezo sahihi: alivyokuwa jana si ushahidi wa atakavyokuwa kesho. Lakini mkutano hauna subira ya kusikiliza hivyo. Na mara nyingi mhusika mwenyewe hayupo, ama kwa sababu njia ya mlimani haipitiki kwa kiti cha magurudumu, ama kwa sababu hakuna mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na katika suala hili methali hiyo ni maelezo ya utaratibu.

5.0 Hewa, bandia, mtegeaji

Msamiati wa tuhuma una matabaka ambayo wazungumzaji huyachanganya. La kwanza ni la kutokuwepo. Mwaka 2016 Tanzania ilishuhudia kampeni ya kuwaondoa watumishi hewa kwenye orodha za mishahara, na neno hilo likahamia kwenye mpango wa ruzuku wa TASAF kwa sura ya kaya hewa. Hewa ni neno kali na lenye usahihi linapotaja jina lisilo na mtu. Jina lisilo na mtu haliwezi kujiandikisha lenyewe, kwa hiyo neno hilo, likitumiwa vizuri, humwelekea mwenye kalamu na orodha. Lakini likishaanza kutumiwa kwa kaya iliyopo, yenye watu wanaokula na kuugua, ila inayodhaniwa haikustahili, humfuta mtu aliye hai na kumwacha huru mwenye kalamu.

Tabaka la pili ni la kughushi: bandia, feki, kujifanya. La tatu ni la uvivu: kutegea kazi na mtegeaji. Maneno haya mawili ya mwisho yalizaliwa kazini, kwa mwenye nguvu anayewaachia wenzake mzigo. Kumwita mtegeaji mtu ambaye ameachwa kazini kwa sababu anaanguka ni kuligeuza neno dhidi ya maana yake.

Fasihi simulizi yetu haina msimamo mmoja. Sungura, na mwenzake wa Kinyarwanda Bakame, hujifanya mgonjwa au maiti, na tunamcheka Fisi aliyedanganywa. Ipo hata methali inayomshauri mtu aendaye kwa wenye chongo avunje lake jicho. Kwa upande mwingine, hujafa hujaumbika humwonya kila mzima asimhukumu aliyepungukiwa, maana umbile lake mwenyewe halijakamilika. Tofauti ni kwamba katika hadithi anayejifanya ni mdogo, na anayedanganywa ni mkubwa mwenye nguvu. Tuhuma za leo zimepindua uwiano huo: tunamshuku mdogo kwa niaba ya hazina.

Mfano wa Nairobi unaonyesha gharama ya kupindua huko. Uchunguzi wa BBC uliotangazwa Juni 2022 ulifichua biashara ya watoto wenye ulemavu waliochukuliwa Tanzania na kuombeshwa katika mitaa ya jiji hilo, huku fedha zikichukuliwa na waliowaleta. Mpita njia aliyejiuliza kama ulemavu wa mtoto ni wa kweli aliuliza swali lisilo na faida. Ulemavu ulikuwa wa kweli. Swali lilikuwa: nani anaweka fedha mfukoni?

Kenya inatoa mfano mwingine. Ruzuku ya Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Papo hapo, agizo la mwaka 2010 chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 liliwasamehe wafanyakazi wenye ulemavu kodi ya mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Msamaha huo ni wa haki, kwani kuishi na ulemavu kuna gharama. Ila kwa hesabu tupu, kishawishi cha kudanganya ni kikubwa zaidi ofisini kuliko kibandani. Lugha ya mtaani, pamoja na hayo, ina maneno mengi kwa ombaomba anayejifanya, na ni machache mno kwa mwenye mshahara aliyepata cheti asichostahili.

6.0 Imani na hesabu

Nchini Uingereza, kwa miaka mingi wizara husika ilikadiria kwamba udanganyifu katika ruzuku ya kujikimu kwa watu wenye ulemavu ulikuwa nusu asilimia ya matumizi. Utafiti wa vyombo vya habari uliofanywa Glasgow na kutolewa mwaka 2011 uliwakuta washiriki wa majadiliano wakiamini viwango vya juu mno kuliko hivyo, baadhi wakitaja hadi asilimia 70 ya wapokeaji. Watafiti waliyahusisha makisio hayo na namna magazeti yalivyoandika. Hatuwezi kuhamishia takwimu hizo Afrika Mashariki, lakini somo linahamishika: ukubwa wa imani si kipimo cha ukubwa wa kosa.

Kwetu, dalili zilizopo zinaelekea upande mwingine. Sensa ya Rwanda ya 2022 iliwapata watu wenye ulemavu asilimia 3.4 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Ile ya 2012 ilipata asilimia 5. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, lilikadiria asilimia 16 duniani. Tofauti za mbinu, umri na viwango vya kukata hesabu ni kubwa, na takwimu hizi hazifai kulinganishwa kana kwamba zimetoka kwenye mizani moja. Lakini nchi iliyopita katika vita na mauaji ya kimbari kizazi kimoja nyuma haiwezi kuelezwa kwa wepesi kuwa na ulemavu kidogo kiasi hicho. Kinachoelekea kuwa kikubwa ni idadi ya wasiojitaja. Na mtu anayejua kwamba kujitaja kutamletea sentensi ya "nilimwona akitembea" ana sababu nzuri ya kunyamaza. Tuhuma, kwa hiyo, ina matokeo yasiyoonekana kwenye vitabu vya ukaguzi: huwazuia wanaostahili wasiombe.

7.0 Mapendekezo ya kiistilahi

Kwanza, tuchague jina la anayepokea. Matini zetu hutumia mnufaika na mlengwa. Mnufaika ni aliyepata faida, na mwenye faida daima hutazamwa kwa jicho la wivu. Mlengwa ni aliyelengwa na mwingine, hana sauti. Kinyarwanda husema abagenerwabikorwa, waliotengewa jambo, ambalo nalo linamtukuza mtengaji. Kiswahili kina mstahiki, mtu mwenye haki ya kupata. Neno hili ni la zamani, linaeleweka, na linamweka mpokeaji mbele ya sheria badala ya mbele ya mfadhili.

Pili, katika maswali ya tathmini, kitenzi kuweza kiambatane na muda na gharama. Badala ya "Je, anaweza kutembea?" kuulizwe "Ni siku ngapi katika mwezi anapata ugumu kutembea, na akitembea nini kinafuata?" Msamiati wa kupata ugumu unaafikiana na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Rwanda iliuridhia mwaka 2008, na ambao unautazama ulemavu kama matokeo ya mtu kukutana na vizuizi. Ugumu hauwi mali ya mtu, na ni vigumu kuuita bandia.

Tatu, neno udanganyifu ligawanywe. Miongozo itenge kosa la kuingizwa, ambapo asiyestahili ameandikwa kwa makosa ya utaratibu; kosa la kuachwa, ambapo mstahiki hakuandikwa; ughushi wa mwombaji; na ubadhirifu wa msimamizi. Ripoti inayoyataja yote manne haiwezi kumtupia mwombaji lawama za orodha nzima.

Nne, mkutano wa umma uendelee kuthibitisha umaskini, jambo unalolijua. Tathmini ya ulemavu ifanyike faraghani na wenye ujuzi, na mtuhumiwa aelezwe haki ya rufaa kabla neno lolote la kosa halijaandikwa mbele ya jina lake.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba tuhuma dhidi ya mpokeaji wa msaada wa ulemavu ina sarufi yake. Ilianzia katika swali halali la nani asamehewe kazi, ikapewa majina yasiyokubali viwango, kisha istilahi ya umiliki iliyokusudiwa kumheshimu mtu ikafungua mlango wa kudai ithibati kila siku. Kubadili maneno peke yake hakutaleta haki. Bajeti na uadilifu wa wasimamizi vina nguvu zaidi. Lakini fomu huandikwa kwa maneno, na mkutano huamua kwa maneno. Ikiwa tutaendelea kutafsiri miongozo bila kuyapima maneno hayo, yule mwanamke wa kifafa ataendelea kukataliwa kwa sababu ya siku zake 27 njema, na sisi tutakuwa tumeshiriki kuandika sababu hiyo.